Koti la Mzee Msabila

Malori yalikuwa yameshaanza kuondoka. La kwanza lilikuwa limepotea nyuma ya miyombo, la pili lilikuwa linakata kona penye mashine ya kusaga, na juu yake kulikuwa na vitanda vilivyofungwa miguu juu, magodoro, mabati, na matenga ya kuku waliolalamika kwa niaba ya wote. Kalunde alisimama kwenye baraza la baba yake akiwaangalia majirani wakipita. Wengine walimpungia mkono. Wengine waliangalia pembeni, maana anayehama hapendi kukutana macho na anayebaki.

"Kalunde we!" mama mmoja alipiga kelele kutoka juu ya lori. "Na mizinga yako? Huko ziwani nyuki watakula samaki?"

"Watajifunza! Wewe si unakwenda kujifunza kuvua?"

Watu juu ya lori wakacheka. Lori likaishia kwenye kona, kicheko kikaning'inia kidogo pamoja na vumbi, kisha vyote viwili vikatulia.

Igombe Juu ilikuwa inahama kwa sababu ya kitu kimoja. Kompyuta ya nyumba ya Mzee Msabila, baba yake Kalunde, haikuwa inawaka inavyopaswa kuwaka.

Maji ya chini ya ardhi ile yana magadi. Mtoto akiyanywa tangu udogoni, meno yanaingia madoa ya kahawia na miguu inapinda kama upinde. Mzee Msabila alichimba kisima kirefu, akaweka chujio la mkaa wa mifupa ya ng'ombe, kisha akaifundisha kompyuta ya nyumba yake kila alichojua: kiangazi ivute maji ya kina kipi, masika kipi, chujio lioshwe lini, maji gani yachanganywe na yapi. Alikaa nayo kama mtu anavyokaa na mkewe, wakabishana, wakaelewana, mpaka watoto wa Igombe Juu wakawa wanakimbia kwa miguu iliyonyooka. Sasa mzee alikuwa amekufa, kompyuta imegoma, bomba limekauka, na watu hawawezi kunywa huzuni.

* * *

Ndani, fundi Desideri alikuwa amelala chali, kichwa kimeingia kwenye kabati la mashine na miguu imebaki nje.

"Umeme upo," alisema kutoka humo ndani. "Betri za jua zimejaa. Feni inazunguka. Nimepuliza vumbi, nimechomoa kadi za kumbukumbu nikazisugua kwa kifutio cha penseli, nikazirudisha. Diski inasomeka. Hii mashine haina ugonjwa, Kalunde. Nimetengeneza kompyuta za nyumba kuanzia Kigoma mpaka Kilosa, na nakuapia hii haina ugonjwa."

"Mbona haiamki, fundi?"

"Inaamka vizuri sana. Ila inalala tena. Tazama, ila usiseme neno."

Akanyoosha mkono, akabonyeza kitufe. Taa nyekundu ikawaka. Ukasikika mlio mmoja mfupi, ule ambao mafundi wote wanaufurahia kwa sababu maana yake viungo vyote vizima. Taa ikageuka njano. Halafu ikaja ile sauti ya upole iliyowalea Kalunde na kaka yake.

"Nimeamka. Habari za mzee?"

Kalunde akajiziba mdomo. Mashine ikasubiri. Chini ya sakafu ya nyumba ile kulikuwa na nyaya nyembamba zinazosikia nyayo, na ilionekana wazi kwamba ilikuwa imetega sikio kwenye nyaya hizo, ikingoja hatua za mtu mmoja.

"Basi nitamsubiri," ikasema, na taa ikazimika.

Kisha kwenye kioo yakatokea maandishi ambayo fundi hakuwa ameyaona kabla. Yalisema limebaki jaribio moja.

"Lo," fundi akasema, akajitoa kabatini. "Hilo sikulitegemea."

"Maana yake nini?"

"Kama laini ya simu ukikosea namba ya siri. Ikilala tena hivi, inajifunga. Ikijifunga, dawa ni kuifuta." Akapangusa mikono kwenye suruali. "Naweza kuifuta hata sasa hivi. Itaamka kama mtoto mchanga na pampu itafanya kazi. Lakini maji yatakuwa ya magadi, kwa sababu yote aliyoifundisha mzee yatakuwa yamekwenda na maji hayohayo."

"Lakini kwa nini inamsubiri? Mimi mwenyewe niliiambia baba amefariki."

Fundi akatazama dari. "Kuna mtu mwingine alikutangulia kuiambia mzee hajambo."

Maganga, kaka yake Kalunde, alikuwa amekaa kwenye kigoda pembeni ya mlango. Akakohoa. Alikuwa mtu mrefu, mpole, mwenye tabia ya kuangalia viatu vyake mambo yakiharibika, na sasa aliviangalia kwa muda.

"Nilitoka msibani nikaingia hapa," akasema. "Ikaniuliza, habari za mzee? Nikasema nzuri, hajambo. Sasa ningesema nini? Mtu akikuuliza habari unajibu nzuri kwanza, ndipo unaendelea. Hata kama nyumba inaungua nyuma yako, unajibu nzuri."

"Na uliendelea?"

Maganga akapangusa kiatu kimoja.

"Kaka, nakuuliza. Uliendelea?"

"Sikuendelea." Akainua macho. "Wewe unajua sheria. Kisima cha mtu binafsi, mwenyewe akifa na mashine ikashajua, kinakuwa cha kitongoji kizima. Baba alikichimba kwa mkono wake, Kalunde. Alipoteza kucha mle ndani. Nikaona ngoja kwanza. Nikaona haraka ya nini?"

Kalunde alimgeukia fundi. "Basi aifute kauli yake. Aseme nilidanganya."

"Alishasema jana. Haikumkubalia. Mashine za nyumba haziui mtu kwa maneno. Zilipoanza, warithi walikuwa wanawaua wazee kwa mdomo. Baba yuko shambani anapalilia, mtoto anaiambia mashine amekufa, stoo inafunguka, ng'ombe wanatoka. Ndipo zikaundwa hivi. Zinataka cheti cha hospitali kipitie mnarani."

Wote watatu wakatazama dirishani. Pale ulipokuwa mnara wa mawasiliano yalibaki mashimo manne. Wenye mnara waliposikia watu wanahama, waliushusha na kuupakia kwenye lori la kwanza.

* * *

Honi ikalia nje, ndefu, isiyo na adabu.

"Wabeba mizigo wa watuuu!" mtu akapaza sauti. "Tokeni muone dunia ilivyogeuka! Leo mizigo ya Wanyamwezi anaibeba Mzaramo!"

Alikuwa Bibi Chausiku Pazi, na lori lake ndilo lililokuwa la mwisho, lililopangiwa vyombo vya nyumba ile na mizinga ya Kalunde. Mzaliwa wa Kisarawe, alikuwa ameendesha malori tangu usichana, amezunguka nchi mpaka barabara zikawa zinamjua yeye kuliko yeye anavyozijua. Alivaa suruali, khanga juu yake, na pengo la jino la mbele ambalo alilitumia kupigia mluzi.

"Shikamoo, bibi," Kalunde akamwamkia.

"Siitikii! Shikamoo yako mpelekee nyuki." Akapanda barazani, akaketi kwa kishindo. "Mmemzika mtani wangu bila mimi. Msabila mzima! Mmemzika hukohuko mjini, watu wachache kama mnazika paka. Nani aliingia kaburini kuwazuia? Nani alimtukana? Nani alivaa nguo zake? Mtu anawekwa chini kimya kimya kama mzigo wa posta!"

"Hospitali walituharakisha, bibi."

"Hospitali wana watani? Nasema mna deni langu, na siondoi lori mpaka nimelichukua."

Akainuka. Kwenye msumari nyuma ya mlango lilikuwa linaning'inia koti la mzee, zito, la kijivu, alilolivaa hata jua likiwaka. Chausiku akalitwaa bila kuomba, akajitupia mabegani, akainama kidogo, akaburuta mguu wa kushoto. Akakohoa mara mbili, kikohozi kikavu chenye kujitukuza.

"Nani kaacha bomba wazi?" akanguruma. "Nyie watoto mnadhani maji yanakamuliwa kwa mbuzi?"

Alikuwa ni mzee mwenyewe. Kalunde akacheka, na kicheko kikamgeukia katikati kikawa kitu kingine.

Maganga akasimama ghafla, kigoda kikaanguka.

"Bibi! Rudia hivyohivyo, ila ndani. Mbele ya mashine." Akamgeukia fundi. "Si itamjua? Inasikiliza nyayo, kikohozi na sauti. Vyote anavyo."

Fundi akakuna kidevu. "Inaweza ikakubali. Na uzito wao haupishani sana."

"Wewe kijana," Chausiku akasema, "umeniita mnene au umeniita mzee?"

"Vyote nimevikwepa, bibi."

"Na kesho?" Kalunde akauliza. "Itauliza tena habari za mzee. Na keshokutwa?"

"Mimi nina lori, mwanangu," Chausiku akasema. "Siwezi kuja kuwa baba yako kila asubuhi."

"Ya kesho tutayaona kesho!" Maganga alikuwa anakaribia kulia. "Sikiliza mdogo wangu. Maji yakitoka sasa hivi, malori yanarudi. Watoto wanashushwa. Nyumba inabaki, kisima kinabaki chetu. Tusipofanya, unapakia mizinga unaondoka. Ni uongo, najua ni uongo. Lakini unamdhuru nani? Mashine?"

Na Kalunde alijua kaka yake hasemi upuuzi. Juu ya yale malori walikuwepo watoto aliowaona wakitambaa. Upande wa pili wa mizani kulikuwa na nini? Kitu cha nyaya kilichokuwa kikimwashia baba taa ya baraza kila alipochelewa shambani, na ambacho sasa kingemngoja mtu asiyekuja, kidanganywe leo, kidanganywe kesho, mpaka kichakae.

"Ingia, bibi," akasema, naye mwenyewe hakujua anaamua nini.

Chausiku akamtazama. Utani ulikuwa umemtoka usoni.

"Mimi kazi yangu ni kukohoa," akasema kwa sauti ya chini. "Nikishaingia, wenye nyumba ndio watakaosema mimi ni nani."

* * *

Fundi akabonyeza kitufe. Ikaja nyekundu, mlio mfupi, njano.

"Nimeamka. Habari za mzee?"

Mlangoni mguu ukaburutwa. Kikohozi mara mbili.

"Mwangaluka," Chausiku akasema, kwa ile sauti ya mzee ya kuamkia watu asubuhi.

Taa ikatetemeka, ikaanza kuingia kijani.

"Mwangaluka, mzee," mashine ikasema, na Kalunde angeapa kwamba ilisema kwa haraka kuliko kawaida. "Nilikuwa nakusubiri. Umechelewa sana."

"Shikamoo, baba!" Maganga akapaza sauti. Jasho lilikuwa linamtiririka shingoni.

Mashine ikangoja kidogo. "Na Kalunde yupo. Kalunde hajamwamkia mzee."

Nje injini ya lori ilikuwa inanguruma taratibu. Neno moja tu, neno alilolisema kila asubuhi ya maisha yake, na maji yangetoka.

Akamkumbuka mama yake. Chumba kilikuwa kilekile. Siku ya kuanua matanga ya mama, Bibi Chausiku aliingia humu na khanga za marehemu, akatembea kwa mikogo yake, akamsema kwa kupenda ubuyu na kuchukia kuosha sufuria, na baba akacheka mpaka machozi yakadondoka kwenye ndevu. Kisha bibi akajilaza mlangoni, asitoke mpaka alipwe. Na mashine ilikuwepo. Yenyewe, bila kuambiwa, ilipunguza mwanga wa taa.

Yenyewe ilikuwa imeona.

"Vua koti la marehemu baba yangu," Kalunde akasema. Sauti ilimtoka ndogo, akairudia kwa kelele. "Nimesema vua koti la marehemu, Mzaramo wewe! Mcheza ngoma! Hujui jembe linashikwa upande gani!"

"Kalunde!" Maganga akapiga kelele.

Lakini Chausiku alikuwa ameshaanguka chali katikati ya mlango, mikono ameitandaza, koti limemfunika kama turubai.

"Sivui! Sitoki!" akalia. "Mmemzika bila mimi! Msabila bahili! Msabila aliyempimia mbuzi maji kwa kijiko! Alinipa chai bila sukari miaka yote akisema sukari imelala! Nani atanitukana sasa nikipita hapa? Nileteeni changu, la sivyo humu hatoki mtu!"

Kijani ikafifia. Ikarudi njano. Ikarudi nyekundu. Ikazimika.

"Imejifunga," fundi akasema.

Maganga akaegemea ukuta. Chausiku hakunyamaza hata kidogo, aliendelea kumsema mzee, kikohozi chake, viatu vyake vyenye kamba za katani, tabia yake ya kuwapa ng'ombe majina ya wakuu wa wilaya. Na Kalunde, aliyekaa msiba mzima macho makavu, akajikuta ameinama anacheka huku analia, kamasi na machozi pamoja, akaenda stoo kwa kupapasa, akarudi na debe la asali.

"Chukua, uondoke mlangoni kwa marehemu!"

"Dogo! Hilo dogo! Limejaa miguu ya nyuki!"

"Mpe na kofia," Maganga akasema.

Kalunde akageuka. Kaka yake alikuwa ameteleza ukutani mpaka chini, uso umelowa, mabega yanatikisika. "Mpe na kofia ya baba," akasema tena. "Alikuwa anaivaa kinyume, mnakumbuka? Mpe. Baba amekufa. Amekufa baba yetu."

Kwenye kona kukasikika mlio mmoja mfupi.

Fundi aliinua mikono yote miwili hewani. "Sijagusa kitu," akasema. "Kumbe imejifunga mdomo tu, masikio imeyaacha wazi."

Taa za chumba zikashuka, zikawa hafifu, rangi ya moto unaokaribia kuwa majivu. Kalunde aliukumbuka mwanga ule.

"Hivi ndivyo ilivyokuwa kwa mama," mashine ikasema. "Bibi Chausiku hakuvaa nguo za mama alipokuwa hai. Hata siku moja."

"Hata siku moja," Chausiku akajibu kutoka sakafuni, kwa sauti yake mwenyewe.

"Basi mzee harudi."

"Harudi," Maganga akasema.

"Poleni sana," ikasema. "Mzee alikuwa anataka bomba lifunguliwe jua likifika dirishani. Limeshapita. Nimfungulie nani?"

Sasa Kalunde alimwangalia kaka yake, kwa maana hilo halikuwa lake peke yake. Maganga akafuta uso kwa kiganja. Aliangalia viatu vyake, kisha akaacha kuviangalia.

"Fungulia watu wote," akasema.

Chini ya sakafu kitu kikanguruma. Pampu ikavuta pumzi, ikakwama, ikavuta tena. Wakakimbilia uani wote kwa pamoja, fundi akiwa na kifutio bado mkononi. Bomba likakohoa mara mbili, kikavu, likatema kutu, likatema matope, likatema mjusi. Halafu maji yakaja. Yalikuja meupe kwa povu, yakapiga ardhi, tope likaruka. Kalunde akakinga mkono akaonja, na hayakuwa na ule uchungu wa magadi. Yalikuwa maji ya baba yake.

Chausiku akakimbilia lori na koti likipepea nyuma, akalala juu ya honi. Hakuiachia. Kule mbali nyuma ya miyombo honi ya pili ikaitika, na mbele zaidi nyingine. Wakasimama wakitazama lile vumbi lililokuwa linakwenda kaskazini. Likasimama. Likasitasita. Kisha likaanza kurudi, na kabla hata malori hayajaonekana wakasikia vigelegele, na juu ya vigelegele wakasikia kuku.

* * *

Malori yote yalirudi isipokuwa lile la kwanza, ambalo lilikuwa limefika mbali mno lisisikie. Waliokuwemo walikaa ziwani. Baadhi walijifunza kuvua.

Mnara wa mawasiliano haukurudishwa mpaka miaka mingi baadaye. Ulipokuja, cheti cha hospitali kilipita na kompyuta ikajibu kwamba imeshapata habari.

Kisima kikawa cha kitongoji. Maganga alichaguliwa kukisimamia, akagombana na kila mtu kuhusu kupanga foleni, akazeeka akiwa na kikohozi cha baba yake.

Fundi Desideri alihamia Kilosa akaoa huko. Alikuwa akiwasimulia mafundi wenzake habari hii, na wengi hawakumwamini.

Kompyuta ilifanya kazi mpaka diski yake ilipochoka. Kabla ya hapo ilikuwa imeifundisha nyingine.

Kalunde alibaki na mizinga yake. Hakuondoka Igombe Juu ila mara moja, habari ilipokuja kwamba Bibi Chausiku amekufia barabarani karibu na Mikumi. Alikwenda Kisarawe. Koti lilikuwepo, limetobolewa na nondo. Akalivaa, akapiga mluzi kwa pengo ambalo hakuwa nalo, akawatukana waliokuwepo, akajilaza mlangoni mpaka wakampa nazi.

Aliporudi nyumbani kompyuta ilimwuliza habari za safari. Kalunde hakuanza na nzuri.